Fundi Anajibu: Kamera ya Video ya Kaseti Ikigoma

Barua tulizopokea safari hii karibu zote zinahusu kamera za video zinazotumia kaseti: nyingi ni za MiniDV, chache ni za Hi8, na moja ni ya VHS-C. Wapo wapiga picha za harusi ambao bado wanazitumia, lakini waandishi wengi ni watu waliofungua kabati la wazazi, wakakuta kamera pamoja na boksi la kaseti, na sasa wanataka kuona kilichomo. Kabla sijajibu naomba nieleze msimamo wangu, kwa kuwa unagusa karibu kila jibu hapa chini. Kamera ya mtumba bado inaweza kutafutwa na kupatikana, bali picha zilizomo kwenye kaseti mara nyingi hazina nakala popote. Kwa hiyo, pale itakapobidi kuchagua kati ya kuokoa kamera na kuokoa kaseti, nitawashauri muokoe kaseti.

Fundi, salaam. Nina kamera ya MiniDV ninayoitumia kwenye sendofu na harusi ndogondogo. Siku hizi nikicheza nilichorekodi, picha inajaa visanduku visanduku na sauti inakatika. Nilinunua kaseti ya kusafishia, nikaicheza mpaka ikafika mwisho, lakini hali ni ile ile. Je, hedi zimekufa?
*Mpiga picha, Mbagala*

Huenda hedi, yaani vile vichwa vidogo vinavyoandika na kusoma utepe, hazijafa, lakini kaseti ya kusafishia umeitumia kupita kiasi. Utepe wake unakwaruza kama msasa laini, na ndiyo maana maelekezo yake husema uchezwe kwa takriban sekunde kumi tu, kisha uitoe na kujaribu kaseti ya kawaida. Hali isipobadilika unaweza kurudia mara chache kwa muda ule ule mfupi. Usiurudishe utepe huo mwanzo kila mara, kwa sababu sehemu iliyokwisha kupita imebeba uchafu ulioondolewa kwenye hedi, nawe utakuwa unaupaka upya.

Ili uelewe unachokiona kwenye kioo, fikiria kinachotendeka ndani. Kuna ngoma ndogo ya chuma inayozunguka mara 9,000 kwa dakika, na kwenye ukingo wake zimo hedi mbili zinazoandika kwa zamu. Utepe wenyewe una upana wa milimita 6.35, na kila picha moja ya mfumo wa televisheni wa PAL hugawanywa katika mistari 12 ya mshazari juu ya utepe huo. Hedi moja ikiziba, picha hukatika vipande vya mlalo, kimoja kinatembea na kinachofuata kimeganda. Zikichafuka zote mbili kwa kiasi, visanduku hutapakaa kila mahali kama unavyoeleza. Zikiziba kabisa, kioo hubaki cha buluu au cheusi ingawa unasikia utepe unazunguka.

Sasa tenganisha kosa la kurekodi na kosa la kucheza, jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi kabla ya kushika bisibisi. Chukua kaseti ya zamani ambayo una hakika ilirekodiwa vizuri, uicheze kwenye kamera yako. Ikicheza safi, hedi zinasoma sawasawa, nawe uchunguze kaseti mpya unazonunua, hasa kama ni zile ambazo zimekwisha kurekodiwa mara nyingi zikafungwa upya kwenye nailoni. Ikiwa kaseti ya zamani nayo inaleta visanduku, rekodi dakika chache kwenye kaseti nzuri kisha uzicheze. Kamera ikisoma vizuri ilichorekodi leo lakini ikashindwa kusoma cha zamani, au kamera ya mwenzako ikashindwa kusoma chako, tatizo si uchafu. Miongozo inayoupitisha utepe mbele ya ngoma imesogea, pengine kwa sababu kamera iliwahi kuanguka.

Hapo nakuomba usikilize kwa makini. Kabla hujampa fundi arekebishe miongozo hiyo, nakili kwanza kaseti zote ulizorekodi tangu kamera ilipoanza kuharibika. Mistari iliyoandikwa na kamera iliyopinda husomwa vizuri zaidi na kamera ile ile ikiwa bado imepinda, na ukishainyoosha unaweza kujikuta huna tena mashine ya kuzisomea harusi za wateja wako.

Kama ni uchafu na kaseti ya kusafishia imeshindwa, kinachobaki ni kusafisha kwa mkono. Tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 99; spiriti ya kusafishia vidonda haifai, kwa kuwa ile ya asilimia 70 karibu theluthi yake ni maji. Usitumie pamba za masikio, maana nyuzi zake hunasa kwenye hedi na zinaweza kuing'oa. Tumia kijiti chenye ngozi laini au kitambaa kisichoacha nyuzi, ukilowanishe kidogo, ukiegemeze ubavuni mwa ngoma na kukishikilia hapo bila kukisogeza, huku kidole cha mkono wa pili kikiizungusha ngoma taratibu kutoka juu. Kijiti kisipande wala kushuka, kwa sababu hedi huvunjika kwa kusukumwa kwenda juu au chini. Acha ngoma ikauke kabisa kabla ya kuingiza kaseti.

Nyongeza kwa faida yako: ukiwa kwenye kazi ya malipo, usirekodi kwa LP (mwendo wa polepole wa utepe) ili kaseti ya dakika 60 ikupe dakika 90. Mistari huwa myembamba zaidi, uchafu mdogo tu unaifuta, na kamera nyingine mara nyingi haiwezi kuisoma.

Kamera yangu inaandika kwamba kuna unyevu na inakataa kufanya kazi. Ilitokea nilipotoka ukumbini wenye kiyoyozi kwenda nje kuwarekodi maharusi wakishuka kwenye gari. Mjukuu wangu ameniambia niizike kwenye mchele usiku kucha. Ni sahihi?
*Mama, Sinza*

Mama yangu, mchele uache jikoni. Vumbi lake la wanga likiingia kwenye gia na kwenye ngoma utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Kamera yako haijaharibika, imejilinda. Ikikaa saa mbili kwenye ukumbi wa baridi, chuma cha ndani hupoa. Ukitoka nayo ghafla kwenye hewa ya Dar es Salaam yenye joto na mvuke wa bahari, maji hujikusanya juu ya ngoma vile vile yanavyojikusanya kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Utepe ukigusa ngoma yenye maji hunata, hujisokota, na huweza kukatika. Kwa hiyo ndani kimewekwa kihisi kinachozuia kila kitu. Kwenye kamera nyingi za Sony onyo hilo huja pia kama namba C:21:00.

Kama kamera inakubali kutoa kaseti, itoe, uzime, uache mlango wa kaseti wazi mahali penye hewa kavu kwa takriban saa moja. Usipulize kwa mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu moto wake hukunja plastiki na husukuma mvuke ndani zaidi. Siku nyingine, kabla hujatoka ukumbini, ifunge kamera ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, utoke nayo ikiwa imefungwa, na usiifungue mpaka mfuko wenyewe uwe umepata joto la nje. Maji yatajikusanya juu ya nailoni na si juu ya kamera. Najua maharusi hawasubiri. Kwa hiyo wapigapicha wenye uzoefu huitanguliza kamera nje mapema, ikiwa na mtu wa kuilinda.

Kamera ikiendelea kuonyesha onyo hilo hata baada ya siku kadhaa za ukavu, basi kihisi chenyewe ndicho kilichochoka, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kaseti imekwama. Nikibonyeza EJECT kamera inalia kidogo halafu inajizima. Naona utepe umetoka kwenye kaseti na kuzunguka ngoma. Nijaribu kuifungua kwa kisu?
*Kijana, Tandika*

Kisu hapana. Kwanza, ondoa kamera kwenye stendi. Kamera nyingi za MiniDV zinapakiwa kaseti kwa chini, na sahani ya stendi huziba mlango. Nimeona watu wakilipa fundi kwa tatizo ambalo lingeisha kwa kufungua skrubu moja. Pili, achana na betri. Betri dhaifu inaweza kuwasha kioo lakini isiweze kuisukuma mota ya kutolea kaseti, na dalili yake ndiyo hiyo ya kulia kidogo na kuzima. Iondoe, subiri dakika chache, unganisha adapta ya umeme, kisha ubonyeze tena huku mlango wa nje ukiwa wazi kabisa.

Kaseti ikitoka na utepe ukaburuzwa nje, usiuvute. Ukate tu ikiwa hakuna njia nyingine, na ukate karibu na sehemu iliyosokoteka, kwa sababu utepe uliokatika vizuri unaweza kuunganishwa na ukapoteza sekunde chache, ila uliovutwa hunyooka na picha zake hazirudi tena. Kwa kamera za Sony, namba zinazoanza na C:31 au C:32 zinazorudi kila baada ya kuzima na kuwasha zina maana kwamba mitambo ya ndani imekwama kweli, na hapo mwambie fundi aziokoe picha kwanza hata kama itabidi kuivunja kamera.

Ukipata kaseti yako, jifunze pia namna ya kuifunga. Kibebeo cha ndani kina mahali palipoandikwa PUSH. Bonyeza hapo tu, ukiache kishuke chenyewe, ndipo ufunge mlango wa nje. Anayefunga mlango kwa nguvu kabla kibebeo hakijatulia hukipinda, na kamera iliyopinda kibebeo ndiyo inayokwama wiki inayofuata.

Nina kaseti za harusi ya dada yangu na za ubatizo wa watoto, VHS za kawaida na VHS-C. Zilikuwa kwenye sanduku sakafuni, na mvua za masika zilipoingia chumbani zililowa kidogo. Nikichungulia kwenye kidirisha naona unga mweupe kwenye utepe. Nimeambiwa pia kuna kibebeo cha kuchezea kaseti za Hi8 kwenye deki. Naomba ushauri.
*Mzee, Upanga*

Shikamoo mzee. Nianze na la mwisho, kwa kuwa ndilo linalowalia watu fedha. Kibebeo cha VHS-C kipo na ni halali: utepe wake ni ule ule wa VHS ndani ya kaseti ndogo, na vibebeo vyenye mota huhitaji betri moja ya kawaida ya AA ndani yake, ambayo ikiisha watu hudhani deki imekufa. Kwa Hi8 au MiniDV kibebeo cha namna hiyo hakipo na hakiwezi kuwapo, kwa sababu utepe wa Hi8 una upana wa milimita 8 na wa VHS una upana wa milimita 12.65, na namna ya kuandika ni tofauti. Anayekuuzia kitu hicho anakudanganya.

Ule unga mweupe ni kuvu. Usiicheze kaseti hiyo hata mara moja. Kuvu hukamata kwenye hedi na kwenye miongozo ya deki, na kaseti safi utakayoingiza baadaye itapakwa kuvu ile ile. Tatizo linaongezwa uzito na jambo jingine: deki hazitengenezwi tena, kwani kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Deki unayoiharibu leo utaibadilisha kwa nyingine iliyochoka pia.

Zitenge kaseti zilizolowa na zile safi leo hii, kila kundi chumba chake. Ziache zikauke kivulini kwa siku nyingi, ndani ya chombo chenye vifuko vya silika, vile vinavyopatikana kwenye boksi za viatu na vifaa vya umeme. Jua la moja kwa moja halifai, kwani ganda la plastiki hupinda. Zikishakauka, kuvu hulala na huweza kuondolewa. Kazi yenyewe hufanywa nje au penye hewa inayopita, mtendaji akiwa amefunga barakoa na kuvaa glovu, kwa maana vumbi la kuvu si zuri kwa mapafu, na kwa umri wako mzee nakusihi umwachie kijana. Fundi hufungua ganda la kaseti, huhamishia utepe kwenye ganda safi, kisha huukimbiza mbele na nyuma kwenye deki mbovu iliyotengwa kwa kazi hiyo tu, huku kitambaa kikavu kisicho na nyuzi kikiupangusa pande zote mbili. Asipokuwa na deki ya kutupa, yaani akitaka kutumia ile anayochezea kaseti za wateja wengine, chukua kaseti zako uondoke.

Utepe ukishapanguswa, uchezwe mara moja tu, na mara hiyo iwe ya kunakili kwenye kompyuta. Usikae kutazama kwanza. Kisha kaseti zirudishwe mpaka mwanzo, zisimamishwe wima ndani ya makasha yake, na ziwekwe kwenye rafu ya juu, mbali na sakafu, mbali na jiko, na mbali na spika kubwa zenye sumaku.

Kamera inacheza kaseti za zamani vizuri sana, lakini nikitaka kurekodi kioo ni cheusi, isipokuwa maandishi ya menyu. Wakati mwingine inatokea mistari ya zambarau. Kifuniko cha lenzi nimeondoa!
*Msomaji, Tabata*

Umekwisha kufanya nusu ya uchunguzi. Kama inacheza vizuri, basi hedi, mota na kioo ni vizima. Kama menyu inaonekana, umeme upo. Kinachobaki ni kihisi cha picha kilicho nyuma ya lenzi. Mwaka 2005 watengenezaji kadhaa wa Japani walitangaza kwamba baadhi ya vihisi vya CCD vilivyowekwa kwenye kamera za miaka iliyotangulia vina kasoro inayojitokeza hasa penye joto na unyevu, na dalili walizozitaja ni hizo hizo: picha nyeusi, au iliyovutika na kubadilika rangi. Hali ya hewa ya mji wetu huwezi kuipinga.

Kukibadilisha kihisi leo kunaweza kugharimu kuliko kamera nyingine ya mtumba. Ushauri wangu ni kwamba usiitupe: kamera isiyoweza kurekodi lakini inasoma vizuri ni mashine kamili ya kunakilia kaseti, tena hedi zake hazitachakaa kwa kazi nyingine.

Nataka kuhamishia kaseti za MiniDV kwenye kompyuta. Nimenunua Kariakoo waya wenye USB upande mmoja na FireWire upande wa pili, lakini kompyuta haioni kitu. Kamera pia ina tundu la USB, nalo linatoa picha za mnato tu.
*Mwanafunzi, Ubungo*

Waya huo hauwezi kufanya kazi, hata ukibadilisha kompyuta kumi. USB na FireWire (njia ambayo kamera yako hutolea video) huzungumza kwa taratibu tofauti, na kuunganisha nyuzi za shaba peke yake hakutafsiri chochote. Tundu la USB la kamera yako nalo, kama ilivyo kwa kamera nyingi za aina hiyo, liliwekwa kwa ajili ya picha za mnato zilizomo kwenye kadi.

Unahitaji kompyuta yenye tundu la FireWire la kweli, ambalo Sony huliita i.LINK. Njia nyepesi ni kompyuta ya mezani ya mtumba iliyofungwa kadi ya FireWire, au kompyuta ya zamani ya Apple iliyokuja na tundu hilo kutoka kiwandani. Kwenye Windows, programu ndogo ya bure iitwayo WinDV inatosha. Faida ya njia hii ni kwamba hakuna kinachopigwa picha upya: zile namba zilizoandikwa kwenye utepe ndizo zinazohamishwa kama zilivyo, na kaseti ya saa moja huchukua karibu GB 13. Ukitumia waya wa AV na kile kifaa kidogo cha bei rahisi cha kuchomeka kwenye USB utapata picha, lakini itakuwa imeshuka ubora.

Zima kamera na kompyuta kabla ya kuchomeka. Tundu kubwa la FireWire lenye pini sita hubeba umeme, na plagi ikiingizwa kinyumenyume kwa nguvu huunguza tundu la kamera, hasara ambayo haina dawa ya haraka. Angalia pia kama kaseti ina nafasi tupu katikati ya rekodi mbili. Hesabu ya muda hurudi sifuri hapo, na programu nyingine husimama au hufungua faili jipya. Ikisimama, sogeza utepe mbele kidogo uendelee.

Maswali mafupi

*Kaseti inakataa kurekodi na inaonyesha alama ya kufuli (Kigamboni).* Kwenye mgongo wa kaseti kuna kitufe cha kusogeza. Kitoe SAVE ukipeleke REC. Hakikisha kwanza kwamba hakuna kitu unachokitaka ndani yake.

*Tarehe inajifuta kila nikitoa betri (Magomeni).* Kamera nyingine zina betri ya kifungo ya kubadilisha. Nyingine zina betri ndogo ya ndani inayojichaji: acha kamera kwenye adapta kwa saa 24, ikiwa imezimwa, kisha weka tarehe upya. Ikijifuta tena, betri hiyo imekufa. Kamera itaendelea kurekodi kama kawaida.

*Shangazi ameleta kamera kutoka Marekani. Kwenye televisheni ya nyumbani picha haina rangi na inapanda juu (Mikocheni).* Ni kamera ya NTSC, mfumo wa televisheni uliotumika Marekani, na televisheni yako ni ya PAL. Kaseti tupu ni zile zile, ila zilizorekodiwa na kamera hiyo zitunze nayo pamoja, kwa kuwa kamera nyingi za PAL hazitazisoma. Kwa FireWire zitaingia kwenye kompyuta bila shida, mradi uchague NTSC kwenye programu.